Kipa Aliyevuliwa Wimbo

4 Februari

Kaka Komeo,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si hata rafiki niliyekaa naye dawati moja mpaka tukamaliza shule. Wimbo wako niliutunga mimi.

Mashabiki wote wa Jukwaa la Jua wanaamini aliyeutunga ni mjomba wangu, yule mpiga ngoma kubwa anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwa la utosi. Simlaumu. Mimi ndiye niliyemwomba awaache waamini hivyo. Nikisimama mbele ya watu watatu koo linakauka. Darasani nilikuwa najua jibu na mkono unabaki chini ya dawati. Mjomba hunitania kwamba siku ya kuolewa itabidi "nakubali" niiandike kwenye karatasi. Lakini maneno hunijia. Ulipookoa penalti mbili katika mechi moja, niliyaandika nyuma ya karatasi ya hesabu nikayaacha chini ya chupa ya chai ayakute:

Piga hodi, piga hodi, mlango haufunguki,
Piga teke, piga bega, mlango haufunguki,
Komeo lipo, Komeo lipo.

Jumapili yake nilisikia jukwaa zima likiyaimba. Nilikuwa nimesimama mahali pangu, juu kabisa, nimeegemea ukuta. Nililia, na mama akanipulizia jicho akidhani ni vumbi.

Hujui mimi ni nani. Mimi ni binti wa mfua jezi. Tangu nimalize shule nafanya kazi na mama kwenye chumba cha kufulia, nyuma ya chumba chenu cha kubadilishia nguo. Glavu zako nazifua mimi, kwa mkono, na kuzianika kivulini maana jua huzipasua. Ndiyo sababu najua jambo ambalo jukwaani hawalijui. Siku ile timu ya majirani ilipotufunga, mabao yote mawili yakipita mikononi mwako, nilipoipindua glavu ya kushoto nilikuta damu imeganda penye kidole cha pete.

Watu wanasema ulinunuliwa. Nimesikia walisambaza namba yako, nawe ukaitoa laini kwenye simu. Kocha alimpa mama anwani ya kwenu ili akutumie vitu vilivyobaki kabatini, nami nimeitia barua hii ndani ya glavu hiyo hiyo.

Sikuandikii kukuomba chochote. Nimeona tu si haki ukae huko ukidhani jukwaa lote ni mdomo mmoja. Yupo mmoja huku juu ambaye hakukutukana.

Binti wa mfua jezi


17 Februari

Mdogo wangu, binti wa mfua jezi,

Marahaba. Mama yangu ndiye aliyeiona barua. Alitia mkono kwenye glavu kuangalia kama haijaharibika, akatoa karatasi, akasema, "Mwanangu, siku hizi wanakutukania hadi ndani ya glavu?" Nikamwambia hapana, huyu ananisalimia. Akaenda kuweka maji ya chai jikoni bila kuuliza zaidi, lakini nilimsikia akiimba.

Uliyoyaona kwenye glavu ni kweli. Kidole kilivunjika mwanzoni mwa kipindi cha pili, niliporuka nikagonga nguzo. Daktari wa timu alikuja akaivua glavu, akatazama, akasema, "Toka, baba. Hiki si kidole tena." Nilikubali. Nilishaanza kutembea kuelekea benchi, na kipa wa akiba alishavua koti. Ndipo mjomba wako alipopiga ngoma na jukwaa likaanza. Mlango haufunguki.

Wewe uliyeutunga niambie, mtu anatokaje katikati ya wimbo kama ule? Niligeuka nikavaa glavu. Daktari aliniambia mimi ni mwendawazimu, nami nikacheka. Mpira wa kwanza uliokuja niliudaka, kidole kikalia kama kijiti kikavu. Baada ya hapo mkono haukuwa wangu.

Sikuambii haya uumie. Niliishi kwa wimbo ule. Kuna asubuhi mwili ulikuwa unakataa, naukumbuka, naamka, naenda mazoezini. Huku niko katika chumba cha nyuma nilichokulia. Mama anauza mkaa mlangoni, na wateja wake wanajifanya hawanioni, kisha wakifika barabarani wanageuka kunitazama.

Nataka kujua jambo moja, na nakuomba uniambie ukweli. Bado wanauimba? Kama wanauimba, kidole kikipona nitarudi. Kama hawauimbi, sina cha kurudia. Mchezaji aliyevuliwa wimbo na Jukwaa la Jua sijapata kumwona akisimama tena.

Siri yako naitunza.

Komeo


24 Februari, chini ya chupa ya chai

Mjomba,

Shikamoo. Utakaporudi kutoka kuoka mikate mimi na mama tutakuwa tumeshakwenda kazini, kwa hiyo nakuachia karatasi kama kawaida. Safari hii si wimbo.

Nimesikia Jumapili mnamvua Komeo wimbo. Nakuomba usifanye. Alikuwa amevunjika kidole, mjomba. Damu niliifua mwenyewe. Alikuwa anatoka, mkaanza kuimba, akabaki kwa ajili yenu. Wewe ukikataa kuilaza ngoma hakuna mwingine atakayeilaza.

Mpwa wako


24 Februari, nyuma ya karatasi ile ile

Bibi Kimya,

Marahaba. Chai yako leo haikuwa na sukari. Nadhani sukari nayo iliona haya kujitokeza, kama mwenyewe.

Nimesoma. Damu nimeisikia, lakini hata aliyenunuliwa ana damu, hajajazwa maji ya betri. Tuseme aliumia kweli. Sasa unataka nifanye nini? Watu wanadhani mimi ndiye mwenye jukwaa, kumbe jukwaa ndilo lenye mimi. Wiki nzima pale kwenye tanuru wenzangu wananiuliza, mzee, ngoma tunailaza lini? Nikisema hapana watasema na mimi nimekula. Ngoma atapewa mwingine, Komeo atavuliwa vilevile, nami nitabaki nyumbani kuwasaidia nyinyi kukunja soksi.

Desturi unaijua. Jina lake likisomwa, hata kama ni miongoni mwa majeruhi, tunageuza migongo, ngoma inalazwa kifudifudi, na hakuna kukohoa. Kisha tunaiinua na wimbo anapewa mwingine. Ndivyo ilivyo tangu babu yako akiipiga. Winga yule mrefu tulimvua, viongozi wakamwondoa kabla msimu haujaisha. Kocha mwenye miwani akabisha kwamba timu hupangwa na kocha, naye akamfuata winga wake. Timu ni ya wanaosimama juani, mpwa wangu, si ya wanaolipwa kukaa kivulini.

Kitasa, yule kipa wa akiba, anafaa. Nimebadilisha mwisho tu, itakuwa "Kitasa kipo". Maneno yako mengine sijayagusa. Furahi, wimbo wako utaishi.

Mjomba


2 Machi

Kaka Komeo,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu. Nilikuwa nasubiri Jumapili ipite ili nikuandikie nililoliona.

Umeuliza kama bado wanauimba. Wanauimba. Walianza timu ilipoingia uwanjani wakaendelea mpaka filimbi ya mwisho, na mjomba alipiga ngoma hadi kiganja kikachubuka. Piga hodi, piga hodi, mlango haufunguki. Nilikuwa pale ukutani na kila neno nililisikia.

Kwa hiyo usikate tamaa. Fanya anavyosema daktari wa huko. Kabati lako bado lina kibandiko chenye jina lako. Viongozi waliagiza kibanduliwe, lakini mama alikwangua kidogo tu akasema kimeng'ang'ania, labda mwenyewe akija atakibandua. Hakijang'ang'ania hata kidogo. Nilimwona akikibonyeza kwa kidole gumba kikae vizuri.

Umeuliza pia mtu anatokaje katikati ya wimbo kama ule. Najua tu kwamba ningejua wimbo utakuzuia kutoka, ningetunga mbaya.

Binti wa mfua jezi


20 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imelala chini ya mto wangu mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Wanauimba. Nilimwambia mama, naye akasema, "Basi usinilalie hapa kama gunia, amka."

Plasta imeondolewa. Kidole hakinyooki sawasawa lakini kinashika. Kila jioni mama anamaliza biashara yake, anakaa kwenye kigoda, ananirushia mpira. Anarusha kama mtu anayefukuza kuku, huwezi kujua utakwenda wapi, na hayo ndiyo mazoezi bora niliyowahi kupata. Jana nilidaka kila mpira alioutupa. Alinung'unika kwamba namharibia mkono.

Nilimpigia kocha kwa simu ya jirani. Nikamwambia nipo tayari kwa mechi ya majirani. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia nina uhakika kuliko yeye. Akasema sawa, kwa kweli nyuma ya Kitasa hana kipa wa akiba, nitakaa benchi. Kulikuwa na jambo jingine alitaka kuniambia kuhusu jukwaa, lakini salio la jirani likaisha. Sikumpigia tena. Habari za jukwaa ninazo kutoka kwako.

Mwambie mjomba wako apake mafuta kiganja chake.

Komeo


2 Aprili, chini ya chupa ya chai

Mjomba,

Shikamoo. Komeo anarudi. Atakuwa benchi siku ya majirani.

Nilimwambia wimbo bado mnauimba. Sikumwambia mnamwimbia nani. Naomba kama ataingia msimgeuzie migongo. Simwombei wimbo. Naomba tu mumtazame.

Mpwa wako


2 Aprili

Mpwa wangu,

Ungeniuliza kabla ya kumwandikia. Maji ukishayamwaga hayazoleki.

Mwandikie leo asije. Mwambie ukweli, akulaani, abaki kwao na heshima yake kidogo iliyobaki. Jukwaa halijapata kurudisha wimbo. Hata kama lingetaka, halijui linaanzia wapi.

Mjomba


15 Aprili, chini ya chupa ya chai

Mpwa wangu,

Leo sikuiti Bibi Kimya. Jina hilo nimelifuta.

Sijalala bado, nakuandikia nikiwa na unga kwenye nyusi. Jana Kitasa alipoteguka goti na yule bwana akaingia, sisi tulifuata desturi. Migongo. Ngoma chini. Kimya, mpaka nikasikia bendera zinavyopigwa na upepo. Mara kule juu ukutani ikatoka sauti nyembamba kama uzi. Piga hodi, piga hodi. Nikatazama, nikakuona wewe. Mkono mmoja ukutani, macho umefumba, unaimba mpaka mwisho, tena kwa jina lake la zamani. Komeo lipo.

Mwanzoni hata mimi sikuelewa. Kisha mwokaji mwenzangu akaangua kicheko, akasema, "Huyu mpwa wako ni kiboko. Anausifu mlango usio na bawaba." Hapo ndipo wote walipofahamu, wakageuka, wakaudaka wimbo. Tangu nianze kupiga ngoma sijasikia kejeli tamu namna ile. Kila bao lilipoingia waliurudia. La mwisho, mpaka majirani waliuimba pamoja nasi.

Tulifungwa, lakini watu walirudi makwao wanacheka.

Nilikuwa nasikitika kwamba dada yangu kazaa mtoto asiye na sauti. Nisamehe. Na nimefurahi umeachana na yale mambo ya huruma. Jumapili usikae tena juu huko kama popo. Utashuka usimame nami kwenye ngoma. Vijana wanakuulizia.

Mjomba wako anayejivunia


21 Aprili

Mdogo wangu,

Niko kwa mama. Niliondoka bila kupita chumba cha kufulia, nisamehe. Sikutaka mtu auone uso wangu, hata wewe ambaye wako sijawahi kuuona.

Sikulaumu kwa chochote. Uliponiandikia kwamba wanaimba, walikuwa wanaimba. Watu hubadilika, nawe huwezi kuwazuia kwa barua.

Migongo niliiweza. Mtu akikupa mgongo bado unaweza kujiambia kwamba amechoka na jua. Nilisema moyoni, nikiokoa mpira mmoja tu watageuka. Kidole kilikuwa tayari, naapa kwa mama yangu aliyenirushia mipira. Ndipo mtu mmoja akaanza kuimba. Sauti ya msichana, peke yake, juu kabisa.

Nitakuambia jambo la kijinga. Nilidhani ni wewe. Ulisema unasimama ukutani. Nilifurahi hata nikageuza kichwa kukutafuta, na nikiwa nimegeuka hivyo bao la kwanza likaingia. Nikawasikia wanacheka, kisha wote wakawa wanauimba, na hapo nikajua siyo wewe. Wewe hukunitukana hata siku ile ya kwanza. Wewe koo linakukauka mbele ya watu watatu.

Wale wengine nimewasamehe. Ni kundi, na kundi halina moyo wa kulaumiwa. Lakini yule alikuwa mtu mmoja. Alikaa, akafikiri, akachagua wimbo, akaanza. Yule siwezi kumsamehe.

Glavu nimempa mama. Anachotea mkaa, anasema hazipitishi vumbi. Usinitumie kitu tena, na kocha akiuliza mwambie asinisubiri. Kama una wimbo mwingine kichwani, uache humo humo.

Nakushukuru wewe. Huko kote ulikuwa wewe tu.

Yule aliyekuwa Komeo


29 Aprili

Kaka Kitasa,

Shikamoo. Ukitia mkono kwenye glavu ya kushoto utagusa karatasi. Ni hii. Mimi ni binti wa mfua jezi, yule ambaye siku hizi anakupa taulo bila kukutazama.

Wimbo unaoimbiwa niliutunga mimi. Niliutunga kwa ajili ya Komeo, na ndio uliomrudisha uwanjani siku aliyovunjika kidole. Wewe ulikuwepo, ulikuwa umeshavua koti uingie badala yake. Labda uliona jinsi alivyogeuka. Mimi nilikuwa juu nikiimba kwa midomo tu, bila sauti, na moyoni nikajisifu kwamba maneno yangu yamemtia nguvu.

Sauti ya siku ya majirani pia ilikuwa yangu. Sikuwa namcheka. Nilimwimbia kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumwimbia, na kwa sababu nilikuwa nimemdanganya aje. Barua ya kumwambia asije niliiandika. Ilikaa mfukoni mwa aproni yangu mpaka nikamwona akipita nje ya dirisha na begi lake, ananyoosha kidole kile na kukikunja.

Ameniandikia. Hajui ni mimi, na sijamjibu. Nikimwambia, nitamnyang'anya mtu mmoja aliyebaki naye. Nisipomwambia, atamchukia maisha yake yote mtu ambaye hakumchukia. Nimepima yote mawili nikanyamaza. Ndicho ninachokiweza.

Nakuandikia wewe kwa sababu juzi nilikuwa nakusanya soksi daktari alipokuambia goti lako linahitaji kupumzika. Ulicheka ukamwambia, "Jumapili wananisubiri." Mama alisimama na beseni mkononi akakutazama, halafu akaendelea na kazi. Ukiumia, kaka, toka. Wakianza kuimba, toka hivyo hivyo, usingoje wamalize. Ziba masikio kwa glavu utembee mpaka benchi.

Najua hutatoka. Mjomba ameshanitengea nafasi karibu na ngoma, na wanataka mimi ndiye niuanzishe. Nilisema siwezi. Wakacheka, wakasema mbona ile siku uliweza. Kwa hiyo Jumapili ukisikia sauti nyembamba mbele ya zote, utajua ni nani, na utajua nilikuambia nini.

Ukishaisoma, irudishe kwenye glavu ulipoikuta. Nitaifua nayo, na wino utatoka. Usimwambie mjomba, wala mama, na siku mkikutana na Komeo usimwambie yeye hasa. Sijawahi kuyasema haya kwa mdomo. Tafadhali, yasitoke kwako pia.

Binti wa mfua jezi